Japani tuiendee kama wageni

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe dukuduku langu kuhusu namna safari za Japani zinavyosimuliwa katika kurasa zetu za Kiswahili. Kwa muda mrefu nimekuwa nikisoma makala za watu waliotembelea nchi hiyo, na karibu zote hupita njia ile ile: treni ya mwendokasi, njia panda ya Shibuya yenye umati, malango mekundu ya Fushimi Inari, micheri ikichanua, na mwishowe orodha ya mahali pazuri pa kupigia picha. Yaliyoandikwa si ya uongo. Treni hiyo ilianza kazi tarehe 1 Oktoba 1964 kati ya Tokyo na Osaka na hadi leo inastahili sifa inazopewa, na malango ya Inari yanapendeza kwa kweli, hasa alfajiri kabla watu hawajafika. Ninacholalamikia ni kwamba msomaji humaliza makala bila kukutana na Mjapani hata mmoja, wala hajaambiwa kwamba mambo anayotamani kwenda kuyaona yapo kwa sababu kuna watu wa mtaa fulani au kijiji fulani wanaoyahangaikia mwaka hadi mwaka, na kwamba baadhi ya watu hao kwa sasa wamechoka.

Waliowachosha ni sisi wasafiri. Mwaka 2024 Japani ilipokea wageni wapatao milioni 36.9 kutoka nje, idadi iliyovuka rekodi ya mwaka 2019 ya watu milioni 31.9, na serikali yake imeweka lengo la kufikisha milioni 60 ifikapo mwaka 2030. Kushuka kwa thamani ya yen kumeifanya nchi iliyokuwa ghali mno ifikike kwa watu wengi zaidi, jambo ambalo mimi mwenyewe nimenufaika nalo na sina haki ya kulilaumu. Tatizo ni kwamba wageni hao hawatawanyiki. Hujazana Tokyo, Kyoto na Osaka, na ndani ya Kyoto hujazana katika mitaa michache kwa saa zile zile, simu mkononi, kila mmoja akitafuta mahali ilipopigwa picha aliyoiona kabla ya kuondoka kwao.

Chukua mtaa wa Gion. Ni mtaa wa nyumba za chai za mbao, ambamo geiko, pamoja na wanagenzi wao waitwao maiko, huenda kazini kwa miguu jioni ili kuwaburudisha wateja kwa ngoma, muziki na mazungumzo. Hawa ni wanawake walio kazini, wanaosubiriwa mahali kwa saa maalumu. Hata hivyo wamekuwa wakifuatwa vichochoroni na watu wenye kamera, wakizibiwa njia, wengine wakivutwa hata mikono ya kimono. Mwaka 2019 baraza la mtaa liliweka mabango ya kukataza kupiga picha katika vichochoro ambavyo ni mali ya watu binafsi na kutangaza faini ya yen 10,000. Watu hawakusikia, na mwaka 2024 baraza hilo likaamua kuwafungia watalii baadhi ya vichochoro hivyo kabisa. Mwezi Mei mwaka huo huo, mji wa Fujikawaguchiko ulioko chini ya Mlima Fuji ulitundika pazia jeusi lenye kimo cha mita 2.5 na urefu wa mita 20 mkabala na duka moja ambalo mlima huonekana ukichomoza juu ya paa lake, kwa kuwa wapiga picha walikuwa wakivuka barabara ovyo, wakiacha takataka na kuegesha magari katika eneo la kliniki ya meno iliyo jirani. Mji unaoishi kwa utalii ukifikia kuuficha mlima wake wenyewe, mambo yameharibika.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika vituo vya mabasi vya Kyoto nimewaona wazee wa mji huo wakiachwa na basi la kwanza na la pili kwa sababu njia yote ya ndani imejaa masanduku ya watalii, huku mmoja wao akiwa ameshika mkononi kadi ya hospitali na kutazama saa kila mara. Mwenyeji huyo haponi kwa kuja kwetu. Mwishoni mwa Septemba 2023 jiji hilo lilisimamisha uuzaji wa tiketi ya basi ya siku moja iliyokuwa ikipendwa sana na wageni, ili waelekee zaidi kwenye treni za chini ya ardhi, na kwa maoni yangu hatua hiyo ilichelewa.

Sisemi watu wasiende Kyoto. Nasema waende wakijua wanachokwenda kukiona ni cha nani. Mfano ninaoupenda ni Gion Matsuri, sherehe inayochukua mwezi mzima wa Julai na ambayo asili yake ni maombi yaliyofanywa mwaka 869 wakati tauni ilipoua watu wengi. Katika makala zetu sherehe hii huelezwa kuwa ni maandamano ya magari marefu ya mbao yaliyopambwa kwa mazulia, yanayovutwa barabarani tarehe 17 na tarehe 24. Lakini magari hayo, ambayo sasa ni 34, hayamilikiwi na serikali wala na kampuni ya utalii. Kila moja ni la mtaa wake katikati ya jiji, na watu wa mtaa huo ndio wanaolihifadhi, wanaolitoa vipande vipande ghalani na kuliunganisha upya kila mwaka. Vita vya Onin, vilivyoanza 1467 na kuliteketeza jiji, viliikatiza sherehe hii, nayo haikurudi hadi mwaka 1500. Gari moja, Takayama, liliharibiwa na dhoruba mwaka 1826 likatoka katika maandamano, na kwa vizazi vyote vilivyofuata watu wa mtaa wake waliendelea kuzitunza sanamu takatifu za gari ambalo hakuna aliye hai aliyewahi kuliona likitembea. Lilirudi barabarani mwaka 2022, baada ya miaka 196.

Anayefika asubuhi ya tarehe 17 ataona gari linapita. Anayefika siku chache kabla ataona mafundi wakilijenga hapo hapo barabarani, kiunzi chote kikifungwa kwa kamba za majani ya mpunga badala ya misumari, fundo juu ya fundo, na vijana wakisimama pembeni kujifunza kwa macho. Na siku ya maandamano yenyewe, mahali pa kusimama ni kwenye kona. Magurudumu ya gari hayawezi kupinda, na gari kubwa linaloongoza msafara, Naginata-hoko, lina uzito wa zaidi ya tani 10. Basi linapofika njia panda, watu hulaza vipande vya mianzi iliyopasuliwa mbele ya magurudumu, huvimwagia maji, kamba huhamishiwa ubavuni, wasimamizi waliosimama mbele ya gari huinua pepeo zao za mkononi, na kwa sauti moja mamia ya mikono huvuta, gari zima likateleza kwa upande huku likilia mbao zake zote. Kazi hiyo hurudiwa mara kadhaa mpaka gari lielekee njia mpya. Nilisimama karibu na familia ya hapo mtaani, na babu mmoja alikuwa akimweleza mjukuu wake ni nani aliyeshika kamba ipi na baba yake alikuwa akishika ipi. Hayo hayamo katika picha za wapita njia.

Hali kama hiyo iko Shirakawa-go, mkoani Gifu, ambako kijiji cha Ogimachi kiliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 1995 kwa ajili ya nyumba zake za paa la nyasi, zilizosimama wima kama viganja vya mtu anayeomba ili theluji nzito isikae juu. Wasafiri huzipiga picha nyumba hizo na kuondoka na basi la jioni. Wachache hujua kwamba paa moja likichakaa lilikuwa likiezekwa na kijiji kizima kwa siku moja au mbili, kwa utaratibu wa kusaidiana kwa zamu uitwao yui, ambapo kila kaya hutoa nguvu kazi leo ikijua kesho zamu itakuwa yake, na kwamba utaratibu huo haujafa hadi leo, japokuwa kazi nyingi sasa hufanywa na mafundi wa kulipwa. Mwaka 1971 wanakijiji wenyewe waliunda chama cha kulinda mandhari yao na kuwekeana masharti matatu: nyumba zisiuzwe, zisipangishwe, zisibomolewe. Watu waliojinyima fedha kwa kiasi hicho wanastahili angalau kuachiwa faragha ya madirisha yao, lakini bado wapo wageni wanaochungulia ndani na kukanyaga bustani za watu. Usiku wa majira ya baridi nyumba hizo zinapowashiwa taa, siku hizi huruhusiwi kufika bila kuweka nafasi mapema, na hilo nalo ni jambo jema.

Sasa nifike mahali ambapo moyo wangu ulibaki, nako ni kisiwa cha Shikoku. Kuna barabara ya hija huko inayozunguka kisiwa kizima, yenye urefu wa kilomita zipatazo 1,200, inayounganisha mahekalu 88 ya Kibudha katika mikoa ya Tokushima, Kochi, Ehime na Kagawa. Hija hiyo inafuata nyayo za mtawa Kukai, aliyezaliwa kisiwani humo mwaka 774 na kufariki mwaka 835, ambaye watu humwita Kobo Daishi. Mwenye kutembea njia yote kwa miguu huhitaji wiki sita au saba, ingawa wengi siku hizi huenda kwa gari au basi. Hujaji huvaa joho jeupe na kofia pana ya ukindu, na hubeba fimbo ambayo kwa imani yao ni Daishi mwenyewe anayetembea naye. Kwa sababu hiyo hakuna anayegonga fimbo chini anapopita juu ya daraja, kwani inasimuliwa kwamba Daishi aliwahi kukosa pa kulala akajisitiri chini ya daraja, na huenda amelala hapo hata sasa. Katika kila hekalu kitabu cha hujaji hupigwa mihuri mitatu myekundu na kuandikwa kwa brashi, huduma ambayo tangu Aprili 2024 hulipiwa yen 500.

Mimi si Mbudha na sikwenda kuhiji. Nilitembea sehemu ya mwanzo tu, kuanzia hekalu la kwanza, Ryozenji, katika tambarare ya mto Yoshino mkoani Tokushima. Lakini nilivaa walichovaa wengine na kufuata taratibu zao, kwa kuwa mapadri wa mahekalu hayo huwakaribisha watu wa imani zote ilimradi wana adabu. Kilichonishangaza ni osettai, desturi ya wenyeji ya kuwapa mahujaji zawadi njiani. Mama mmoja wa makamo ya bibi yangu alinyoosha mgongo shambani kwake aliponiona, akatoka hadi barabarani na mabuti yake ya mpira, akavua glavu, akanifumbatisha machenza matatu yaliyofungwa katika gazeti pamoja na sarafu ya yen 100. Kijapani changu ni cha kuombea maji, lakini nilimwelewa: machenza ni yangu, na sarafu niitumbukize katika sanduku la sadaka la hekalu linalofuata kwa niaba yake, maana magoti yake hayamfikishi tena huko. Desturi inasema zawadi hiyo haikataliwi, kwa sababu anayempa hujaji anampa Daishi, na anayekataa anamnyima mtoaji thawabu. Nawe humpa mtoaji kijikaratasi chenye jina lako na ombi lako. Nilimpa changu kwa mikono miwili. Alikipokea kwa mikono miwili, akakiinua hadi kwenye paji la uso, akanisujudia mimi niliyekuwa na vumbi hadi magotini, akarudi kwenye mboga zake.

Jioni ile nilifikia nyumba ya wageni ya familia, ambayo mwenyewe alikuwa mzee wa kupita miaka sabini. Kabla hajanipokea mfuko alinipokea fimbo, akaiosha ncha yake kwa maji, akaifuta kwa kitambaa safi na kuisimamisha sebuleni, mahali pa heshima palipotundikwa picha ya maandishi. Ndipo akanionyesha pa kuoga. Chakula kilikuwa mezani saa kumi na mbili barabara, samaki wa kuchoma, tofu, mboga za achari, supu na wali, nasi wageni wanne tusiojuana tukala pamoja. Wakati wa chai alituambia bila manung'uniko yoyote kwamba watoto wake wako Osaka na hawatarudi, na kwamba siku atakaposhindwa kupanda ngazi, nyumba itafungwa. Nyumba ya wageni iliyokuwa kijiji cha pili imeshafungwa, kwa hiyo sasa mahujaji wa miguu hulazimika kuunganisha mwendo wa siku nzima na nusu ili kupata pa kulala.

Hapa ndipo Japani nyingine inapoonekana, ile isiyo na umati. Sensa ya nyumba ya mwaka 2023 ilionyesha kwamba nchi hiyo ina nyumba tupu zipatazo milioni 9. Katika bonde la Iya, ndani ya milima ya Shikoku, kuna kijiji kiitwacho Nagoro ambako mkazi mmoja ametengeneza sanamu za vitambaa zenye ukubwa wa mtu kamili, za majirani waliokufa au kuhama, akazipanga mashambani, kwenye kituo cha basi, na madarasani katika shule iliyofungwa mwaka 2012 baada ya wanafunzi kwisha. Mgeni yule yule ambaye ni mzigo katika kichochoro cha Gion, akifika katika bonde hilo au katika nyumba ya yule mzee, akalala, akala, akalipa, akauliza na kusikiliza, anakuwa sababu ya duka kufunguliwa kesho na basi la kijijini kuendelea na safari zake. Msemo wetu wa mgeni na mwenyeji huko bado ni kweli tupu. Kwa nini basi tunawaelekeza wasomaji wetu wote mahali ambapo hawahitajiki, na kuwanyima habari za mahali wanaposubiriwa?

Suala la adabu nalo tulivalie njuga, maana waandishi wetu wengi hulipitia juu juu. Hamamu za mitaani, ziitwazo sento, ni mfano mzuri, kwa kuwa humo mgeni na mwenyeji hukutana bila cheo wala nguo. Unavua viatu mlangoni na kuviweka katika kisanduku chenye ufunguo wa ubao. Unalipa, bei ambayo kwa Tokyo iliwekwa kuwa yen 550 kwa mtu mzima tangu Agosti 2024. Unapita pazia la wanaume au la wanawake, unavua nguo zote, halafu unakaa kwenye kigoda kidogo mbele ya bomba na kujisugua kwa sabuni kuanzia kichwani hadi kwenye nyayo, ukijisuuza mpaka lisibaki povu hata tone. Ukishatakata ndipo unaingia taratibu katika birika la maji ya moto, kitaulo chako kikiwa kichwani au ukingoni, kamwe si majini, kwa sababu maji hayo ni ya watu wote wa mtaa na huoga humo mpaka usiku. Ukutani mara nyingi pamechorwa Mlima Fuji. Wazee hukaa kimya wakiwa wamezama hadi shingoni, na ukiingia kwa adabu mmoja wao atasogea kukupa nafasi, pengine akuulize unatoka wapi. Anayeruka majini na mwili usiooshwa ameharibu jioni ya watu ishirini. Na kwa kuwa wasomaji wetu wengi dini yao au haya yao hairuhusi kuvua nguo mbele za watu, waelezwe kwamba nyumba nyingi za wageni zenye chemchemi za maji ya moto hukodisha chumba cha kuogea cha faragha, kwa mtu mmoja au kwa familia, na hakuna atakayeona ajabu wakikiomba. Wenye chale za kuchorwa mwilini nao waulize kwanza, maana sehemu nyingi bado hawaruhusiwi.

Kuhusu chakula, Mwislamu anayekwenda Japani aambiwe ukweli wote. Mchuzi wa tambi za rameni mara nyingi hutokana na mifupa ya nguruwe, na mirin, ambayo ni kiungo chenye kileo, huingia katika vyakula ambavyo kwa macho ni samaki na wali tu. Miji mikubwa ina migahawa ya halali, na misikiti ipo: wa Kobe ulifunguliwa mwaka 1935 ukiwa wa kwanza nchini humo, ukanusurika mabomu ya mwaka 1945 na tetemeko la mwaka 1995. Mlimani Koyasan, ambako Kukai aliasisi makao yake ya kitawa mwaka 816, mahekalu yapatayo 50 hulaza wageni na kuwapa chakula cha watawa kisicho na nyama wala samaki, na wenyeji wakielezwa mapema kuhusu kileo katika viungo husikiliza kwa makini. Mengine ni mepesi na nayataja kwa ufupi: usisimamishe vijiti vya kulia katikati ya bakuli la wali, wala usimpokeze mwenzako chakula kutoka vijiti kwenda vijiti, kwa kuwa hayo ni mambo ya mazishi, usiache bakshishi, usizungumze na simu ndani ya treni, na takataka zako uzibebe, maana mapipa ya barabarani ni adimu, hasa tangu shambulio la gesi ya sarin katika treni za Tokyo mwaka 1995.

Haki pia itendeke kwa upande wa pili. Wapo wenyeji ambao uchovu wao umegeuka ubaguzi. Katika mgahawa mmoja mdogo nilionyeshwa kwa mkono kwamba nafasi hakuna, na viti vilikuwa vitupu, kisha wateja wa Kijapani waliokuja nyuma yangu wakakaribishwa. Iliniuma, na siwezi kuitetea kwa hoja ya umati. Tofauti na hilo ni uamuzi wa mji wa Himeji kwamba kuanzia Machi 2026 asiye mkazi wa mji alipe yen 2,500 kuingia katika ngome yao maarufu, huku mkazi akiendelea kulipa yen 1,000. Wapo waliolalamika kwamba ni ubaguzi, lakini sikubaliani nao: kanuni hiyo haiangalii rangi wala uraia, Mjapani wa Tokyo naye hulipa kiingilio kikubwa, na matengenezo ya jengo la mbao la zaidi ya miaka 400 ni gharama ambayo wakazi wa mji mmoja hawapaswi kuibeba peke yao. Vivyo hivyo ada ya yen 4,000 iliyowekwa mwaka 2025 kwa kila anayepanda Mlima Fuji ni ndogo ukilinganisha na njia, vyoo na waokoaji anaowakuta huko.

Ombi langu kwako, Ndugu Mhariri, ni hili. Mwandishi akikuletea makala ya safari ya Japani, muulize ameongea na nani huko, sherehe aliyoiona inaendeshwa na mtaa gani, na wenyeji wanataka wageni wafanye nini. Gazeti lianze kuchapisha habari za Shikoku, za bonde la Iya na za vijiji vya mbali, pamoja na majina ya vituo vya treni na mabasi yanayofika huko, ili msomaji mwenye nia asikwame. Wapo pia Wajapani wanaokimudu Kiswahili vizuri: Chuo Kikuu cha Osaka hukifundisha, na shirika la utangazaji la NHK lina matangazo kwa lugha yetu. Hao waalikwe waandike wenyewe kuhusu mitaa yao na mambo yanayowakera, badala ya sisi kuwasemea. Kwa upande wangu niko tayari kutoa bila malipo makala kuhusu hatua za kwanza za barabara ya hija ya Tokushima, pamoja na taratibu za mahekalu na nyumba za wageni ambazo bado ziko wazi, na ningependa itoke kabla ya mwezi Machi, kwa kuwa majira ya kuchipua ndiyo wakati ambao mahujaji wengi wa miguu huanza safari.

Wako,
Msomaji wako wa siku nyingi